Pakiti Imeisha, Dozi Haijaisha

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Ule mwaka tuliokula mihogo asubuhi na mihogo jioni, kwa sababu ndovu walikuwa wamemaliza mahindi yote shambani, ndio mwaka niliotapika damu. Si damu ya kutema na kupangusa. Damu ya kujaza karai! Wajukuu wangu, hawa ninaowasifu hapa kila Jumapili mpaka mnachoka, walinibeba hadi kwenye gari, nikafikishwa hospitali Voi.

Daktari akasema ini langu limekuwa gumu, damu inakosa njia, inajaa kwenye mishipa ya kooni mpaka inapasuka. Nikamwambia pombe sijaonja tangu nizaliwe! Akasema, "Nyanya, ini haliharibiwi na pombe peke yake. Lako limeharibiwa na virusi." Wakaingiza mpira kooni, wakaifunga ile mishipa, wakanipa tembe za kupunguza msukumo wa damu.

"Za wiki ngapi?" nikauliza.

"Hizi hazina wiki, nyanya. Utameza mpaka sisi tuseme basi."

Kitanda cha pili alilala mama mmoja kutoka Njukini. Alikuwa ametibiwa ugonjwa huo huo, akarudi nyumbani. Pakiti ilipoisha, akadhani dozi imeisha, akaacha kumeza. Sasa damu ilikuwa inamtoka tena. Ndugu zangu, yule mama hakutoka pale kwa miguu yake.

Mimi Bwana alinitoa. Mavuno yamekuja, yamepita, na sijatapika tena.

Juzi wifi yangu, dada ya marehemu mzee wangu, yule aliyeninywesha uji nikiwa sijiwezi, alinikuta nafungua pakiti mpya.

"Wifi, Mungu amekuponya ama hajakuponya?"

"Ameniponya."

"Basi dozi si imeisha? Jumapili ukitoa ushuhuda, ziache madhabahuni, watu waone imani!"

"Siachi. Mpaka daktari aseme basi, siachi."

"Ai! Kwani siku hizi unamwabudu daktari?"

Nikamtuma maji, nikameza akiniangalia.

Ndugu zangu, nimesimama hapa mzima, na nashukuru. Mungu aliyenipa pumzi ndiye aliyenipa na tembe. Wewe mwenye shida ya ini, mtegemee yeye, na kliniki uende. Wifi yuko pale kiti cha mbele, amenyoosha mkono nimpe pakiti. Wifi, nakupenda sana, na uji wako sijausahau. Siachi. Mpaka daktari aseme basi, siachi.