Jani la Swami Nissanga Uani

"Nani ameinua jani langu?"

Maneno hayo ya Swami Nissanga Bharati, watu wa Kelagadde wanayakumbuka kuliko mahubiri yake yote. Ilikuwa Machi 1994, sikukuu ya kukokota gari la mungu, saa saba mchana. Alisimama uani mwa nyumba yetu ya watawa, watu mia nne wakingoja wali. Jani lake la mgomba, ndiyo sahani yetu, alikuwa amelitandika mwenyewe kwenye safu ya nje, walikokalishwa wapiga ngoma na wafagiaji, ambao zamu yao ilifika baada ya watu wa tabaka la juu kushiba ukumbini.

"Jani lako liko ndani, Swami," alisema Anantha Bhat, msimamizi wa nyumba. "Wali unapoa."

"Nimeuliza nani. Sijauliza wapi."

Ilibidi niseme. Nilikuwa mimi, mpishi. Niliogopa kwamba mkuu wa watawa akila nje, wenye mashamba wataacha kuleta mchele, na mimi mjane ninayelishwa na nyumba ile nitakuwa mgeni wa nani?

Akanitazama. "Mara ya pili hii, Nagaveni. Lirudishe."

Nikalirudisha. Mara ya kwanza nitaieleza, lakini kwanza niseme hili: kamati ya mazishi imeniambia mtawa hana dada wala hana kwao, kwa hiyo wasifu uanzie siku alipovaa nguo ya zafarani. Nimewasikia. Sasa wanisikie na wao.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1953 katika kijiji cha Balekoppa, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka hapa, akaitwa Subraya. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Ganapayya, mwenye shamba la mipopoo, na mkewe Parameshwari. Kati yake na mimi walizaliwa watatu, na wote hawakuishi. Kwa hiyo dada yake ni mimi, na hakuna kikao cha kamati kitakachonizaa upya.

Alisoma shule ya msingi hapo Balekoppa na sekondari mjini Sagara. Hesabu aliziweza, ila alikuwa na tabia mbaya ya kumsahihisha mwalimu. Mwalimu mmoja alimfukuza darasani wiki nzima. Akakaa dirishani nje na kuendelea kumsahihisha. Mimi niliishia darasa la saba, ndiyo maana mtaniwia radhi mkikuta koma imekaa pasipo pake.

Ndoa: hakuoa. Alikuwa ameposewa binti wa Hosur, na baba alishajenga banda la wageni. Mwezi mmoja kabla ya harusi, Aprili 1973, akakimbilia hapa kwa watawa. Yule binti alipata mume mzuri mwenye duka, na nina hakika anashukuru. Kaka yangu asingekumbuka hata kununua chumvi.

Mtawa wetu kabla ya kuvaa zafarani hujifanyia matanga yake mwenyewe. Huwaombea wafu wa ukoo wake, kisha hujihesabu mmoja wao, na toka hapo nyumbani kwao ni maiti. Halafu huenda kuomba chakula mlangoni kwao kama mgeni yeyote. Kaka alikuja Balekoppa asubuhi, kichwa kimenyolewa, bakuli mkononi. Mimi nilikuwa na miaka saba. Nilikwishachota konzi ya mchele pale mama alipofunga mlango kwa amri ya baba.

"Huyo keshajizika," baba alisema. "Maiti haili."

Nikabaki nyuma ya mlango na mchele ukiniponyoka vidoleni. Akasema kutoka nje, taratibu, "Basi nakudai konzi moja, mdogo wangu." Akaenda zake. Hiyo ndiyo mara ya kwanza.

Aliyemlisha siku ile ni Kariyamma, mke wa mpiga ngoma, nyumba ya mwisho ya kijiji. Alimpa tonge la ugali wa ulezi. Mtu wa ukoo wetu alikuwa hapokei hata maji kwa mtu wa ukoo wake, sembuse chakula kilichopikwa. Kaka alikula akamaliza, akaomba na jingine. Kariyamma yupo hapa leo, ana miaka themanini na tisa, na anasema alimwambia, "Kula polepole, bwana mdogo, dhambi haikimbii."

Alitumika zizini miaka sita, akafundisha watoto miaka kumi, na mwaka 1989 mkuu aliyemtangulia alimkabidhi fimbo ya ukuu. Mimi nilifiwa na mume mwaka 1992 nikaja kupika. Mjane haruhusiwi kugawa chakula siku ya sikukuu. Anasemwa ana kisirani. Swami alinitia upawa mkononi mbele ya wote, akasema, "Mwenye kuogopa kisirani afunge." Hawakufunga. Nilipika fenesi siku ile.

Basi baada ya jani lake kurudi uani, hakuingia tena ukumbini kula. Wenye mashamba waliacha kuleta mchele, kama nilivyoogopa, tukala ulezi miezi tisa. Watawa wanne walihama. Anantha Bhat na wenzake walimshitaki mahakamani kwamba ameichafua nyumba, avuliwe ukuu. Masika yakaja, mvua za huku mnazijua, akala chini ya mwavuli mbovu jani likijaa maji.

"Leo mchuzi mwepesi, Swami," Kariyamma alimchokoza.

"Mpishi ndugu yangu. Mkono wake mzito wa kutoa, tangu utoto."

Hakimu alimwuliza kama ni kweli anakula na watu wa nje. Akajibu, "Mimi nilishakufa mwaka sabini na tatu. Mama yule alilisha maiti, hakuuliza ukoo wake. Mimi nimlaze njaa yeye aliye hai mpaka wengine washibe?" Kesi ilifutwa mwaka 1996. Toka hapo ni safu moja, uani, anayetangulia kufika ndiye anayetangulia kukaa. Ukumbi wa ndani tukaufanya ghala la popoo. Anantha Bhat alikuja kukaa safuni mwaka wa nne, mwisho kabisa, akilalamika siafu. Bado analalamika. Lakini anakaa.

Mwaka jana figo zilianza kumsumbua. Daktari alimkataza chumvi, na kwa mara ya kwanza nilimwona ana hasira ya kitoto. "Ngoja," alisema, "nitaila yote siku moja." Maana mtawa hachomwi moto kama sisi. Huketishwa kaburini, miguu imekunjwa, akazungushiwa chumvi mpaka shingoni.

Jumatatu nilimpelekea uji. Akauliza, "Konzi yangu iko wapi?" Miaka ishirini na saba nilimpakulia chakula, na kila mara alisema huo ni mchele wa nyumba, si wangu. Nikamwambia nitakwenda Balekoppa, nilete wa shamba la baba.

"Mchele hautaniwahi. Tia ya chumvi, tumalizane. Lakini Kariyamma atangulie. Yeye alitoa kwa wakati."

Alifariki Jumatano, tarehe 21 Agosti 2019, alfajiri, akiwa na miaka sitini na sita.

Jana kamati ilikaa. Wanataka leo, kwa heshima ya wageni wakubwa, ukumbi wa ndani ufunguliwe, na chumvi itiwe na makuhani tu. Nilimwambia mwenyekiti kwamba humo ndani mna magunia mia mbili; wageni wakubwa wakalie popoo? Akamgeukia Anantha Bhat amwombe funguo. Mzee akasema hajui alikoziweka. Zilikuwa kiunoni mwake, zinalia.

Kwa hiyo tangazo ni hili. Chakula ni uani, safu moja. Asiyeweza kukaa karibu na jirani yake, barabara ya kurudi Sagara iko wazi na basi la saa tisa lina nafasi.

Marehemu ameacha watawa saba, wanafunzi thelathini na wawili, ng'ombe kumi na nne, Kariyamma aliyemlisha, Anantha Bhat aliyemshitaki, na dada mmoja.

Nikikunja karatasi hii, Kariyamma atashikwa mkono mpaka ukingoni, na konzi ya kwanza ni yake. Atakayemzuia aanze na mimi. Ya pili ni yangu.

Swami nilikuita kama wengine wote walivyokuita. Leo, kaka, mlango uko wazi na baba hayupo. Konzi yako hii. Pumzika kwa amani, umeketi, kama ulivyopenda, na watu wako kushoto na kulia.