Maji ya Kompyuta

Tangu Masasi, Mama Ziada alilikodolea macho boksi alilolipakata jirani yake wa kiti, Luka, mpiga video za harusi. Mwishowe akauliza ni nini.

"Mazabodi, mama. Ndiyo inayobeba kompyuta nzima. Ile ya bei rahisi iliniunguzia video ya harusi ya watu nilipoilazimisha kompyuta ikimbie kupita kasi ya kiwandani. Hii ngumu. Safari hii naikimbiza mpaka mwisho!"

"Na ikipata moto?"

"Naipoza kwa maji."

Mama Ziada akageuka mzimamzima. "Maji? Huku kwetu juu yalivyo ya shida?"

"Yanazunguka humohumo, mama. Hayapungui."

"Baba Ziada naye husema pipa letu halipungui. Hajawahi kubeba ndoo."

Gari likasimama Kitangari, akashuka.

"Hayapungui!" Luka akakiambia kiti kitupu.