Dada Yetu Aliyeaga kwa Mwezi Mmoja

Mama, shemeji, mpwa wangu, mchungaji wetu, majirani na ndugu wote mliofika, mimi ni mdogo wake marehemu, nimepewa kazi ya kuwasomea maisha yake, na ninaomba mnivumilie, kwa sababu shule yangu iliishia darasa la saba, na kwa sababu mahali fulani katika historia hii nimo na mimi, na simo vizuri.

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 11 Machi 1969, mtoto wa kwanza kati ya wawili, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya stesheni ya reli, na tangu alipoanza kusema alikuwa anasimulia kila alichokiona njiani, mpaka baba akamwita Redio, akilalamika kwamba hii aliyopewa na Mungu haina kitufe cha kuzimia.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1976 hadi 1982, sekondari kuanzia 1983 hadi 1986, akajifunza kupiga chapa mwaka 1987, na Januari 1988 akaajiriwa katika duka la kupiga chapa karibu na mahakama, ambako kwa miaka kumi na sita alichapa viapo, mikataba na barua za watu za kuomba kazi, na wateja wakipungua alichukua karatasi zilizoharibika, akazigeuza, akaandika hadithi zake upande wa nyuma. Hadithi mojawapo ilishinda shindano, na zawadi yake ilikuwa safari ya mwezi mmoja ng'ambo, kusoma kazi zake katika maktaba za miji mitatu, hivyo tarehe 2 Juni 2004 aliondoka, na maneno yake ya kumuaga mama yalikuwa haya: "Mama, nguo zangu ziache hapo kambani, narudi sasa hivi."

Mwezi ule aliusimulia kuliko mwaka wowote wa maisha yake, kwamba katika mji wa kwanza watu kumi na mmoja walikuja kumsikiliza, na wanne kati yao walikuwa wamekimbia mvua tu, na katika mji wa pili maktaba ilisahau kwamba anakuja, akasoma mbele ya mkutubi na mama mfagiaji, na mfagiaji akaacha ufagio, akaketi, akalia, halafu akamwambia, "Endelea, mwanangu, sakafu haikimbii."

Sasa nifike kwenye langu. Tarehe 28 Juni 2004, siku nne kabla ya kurudi, dada alinipigia simu kazini, stoo ya kiwanda cha rangi, nami nilikuwa nimekasirika, kwa kuwa mama alikuwa anaumwa miguu na mzigo wa nyumba ulikuwa wangu, na wenzangu walikuwa wananitania kila asubuhi kama Redio yetu imehamia masafa mengine, basi kabla hajamaliza salamu nilimwambia, mimi mdogo wake, "Kama ni kurudi kukalia meza ya mama na hadithi zako, kaa huko huko, sisi tumeshazoea." Akasema, "Haya, mdogo wangu," akakata, na hakurudi, na maneno hayo sikumwambia mtu. Mama, uliniuliza mara nyingi umemkosea nini mwanao hata akabaki huko, nami nilikuwa nakujibu sijui, na huo ulikuwa uongo.

Badala ya kutubu nilifanya jambo jingine, maana mimi ndiye ninayetunza daftari la maombi hapa kanisani, nikaandika jina lake kwenye orodha ya walioiacha njia, na kila Jumapili kwa miaka saba nikalisoma kwa sauti ya huzuni, wakati mwenzetu huko alikuwa anaosha ofisi za watu alfajiri, jioni anaandika, anasali kuliko mimi, na mwaka 2006 tarehe 16 Septemba alifunga ndoa na shemeji yetu huyu, fundi wa mitambo ya kuchapia vitabu, na tarehe 4 Novemba 2007 wakajaliwa binti yao mmoja. Kitabu chake cha kwanza, kuhusu wanawake wanaosafisha maofisi, kilitoka mwaka 2010, vikafuata vingine vitatu, vyote kwa lugha yetu kwanza, na mfasiri akahangaika baadaye.

Desemba 2011 alikuja nyumbani bila kutuarifu, akapitiliza kanisani, akakaa benchi la nyuma, nami nikasoma orodha yangu, na nilipotaja jina lake, la saba, nikasikia "Amina" nzito kutoka nyuma ambayo wengi wenu mnaikumbuka. Nje alinishika bega, akasema, "Mdogo wangu, umeniombea vizuri, ila wa saba ni mbali, ungenipandisha kidogo." Nililifuta jina siku ile ile, lakini habari ya simu ilinishinda kuitamka.

Alirejea moja kwa moja Februari 2023 pamoja na familia yake, Agosti 2024 madaktari wakaona uvimbe kwenye kongosho, na tarehe 20 Machi 2025, wodini, nikimshikia kikombe cha uji, nilimwambia yote, kwamba mimi ndiye niliyemfukuza. Dada alicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia, kisha akasema, "Wewe mtoto, umebeba hilo miaka yote hii?" Akaniambia kwamba katika mji wa tatu mwenye duka la vitabu alimpa chumba juu ya duka, naye alikipokea tarehe 23 Juni, siku tano kabla ya simu ile, na alikuwa amepiga ili atuambie, hajui aanzie wapi, na nilipofoka alishukuru, akajisemea kwamba sasa amefukuzwa, si yeye aliyetuacha. "Nilijificha nyuma ya hasira yako," alisema, "nisamehe na mimi." Tukasameheana pale, uji ukiwa umepoa, na akaniagiza nilisome hili lote mbele yenu, hasa mbele ya mama, ili mjue alikaa kule kwa kupenda, hakuna aliyemkosea.

Alifariki Ijumaa tarehe 9 Mei 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka 56, ameshika mkono wa binti yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya pili, hasa yule aliyekuja akidhani kuna dharura akakuta ni kicheko, tunawashukuru majirani waliopika na kulala hapa, wafanyakazi wenzake wa zamani wa duka la kupiga chapa, na kanisa hili lililomwombea miaka saba kwa kosa langu, naamini Mungu hakuyatupa maombi yale.

Dada, mimi nalala usingizi sasa, tangu siku ile ya wodini. Nawe pumzika kwa amani.