Mkono wa Divine Ukutani

Sogeeni, bana banje, wanangu, na yule fundi mwambieni aache kukoroga saruji, maana nimelala hapa tangu asubuhi nasikia koleo linakwangua ua wangu na hakuna hata mmoja wenu aliyekuja kuniuliza. Lukmani, nakuheshimu, umenijengea choo kizuri, lakini weka mwiko chini uingie ndani, nawe uwe shahidi. Esteri, niinue kidogo. Basi, hapo hapo. Nduwayezu, wewe ndiye mkubwa, kaa mbele yangu nikuone usoni.

Nimesikia mnataka kupiga lipu sebule na kupaka rangi ya krimu, ili wageni wa msiba wakija kutoka Kasulu na Rungwe Mpya wasikute nyumba ya mama yenu ina kuta za udongo. Yaani mimi bado napumua, uji leo nimekunywa, na ninyi mmeshapanga kwaya itakaa wapi! Sikatai, ndiyo desturi yetu, mgonjwa akizidiwa nyumba hutengenezwa mapema ili watu wasije wakacheka. Fagieni ua, zibeni bati linalovuja, nunueni hata mapazia. Ukuta wa nyuma ya kabati msiuguse.

Mmeniudhi, na ninasema wazi kwa sababu sina muda wa kuzunguka. Mnachojua ni kugombania turubai zangu za michoro tu, zile zilizokwenda kwenye maonyesho Dar es Salaam watu wakazipiga picha, hizo mnazifunga kwenye shuka kama watoto wachanga. Haya, ya ng'ombe wekundu ni ya Nduwayezu, ya wawindaji ni ya Esteri, na zilizobaki mgawane bila kupelekana mahakamani. Shamba la Busunzu lisiuzwe, mlime wote wawili. Hayo ndiyo mliyokuwa mkingojea, sasa nisikilizeni ninalolitaka mimi.

Mwaka ule nilipokwenda Kondoa na akina mama wa kanisa, tulipandishwa mlimani kuangalia michoro ya watu wa kale. Wenzangu waliona madoa mekundu wakaanza kuulizia chakula. Mimi niliganda pale mpaka nikatafutwa. Walikuwa watu wembamba, warefu, na wanyama wao, na mvua za maelfu ya miaka hazijawafuta, nikajiuliza mimi niliyevushwa mpaka wa nchi nikiwa mgongoni mwa mama, bila hata karatasi ya kuzaliwa, nani atajua kwamba nilipita duniani? Yule mtembeza wageni akanifungulia kitabu, akanionyesha mikono ya watu wa kale wa nchi nyingine. Mtu anaweka kiganja kwenye mwamba, anapuliziwa rangi kwa mdomo, akiuondoa mkono panabaki umbo lake. Uchoraji wangu wote umetoka siku ile, waandishi wa habari waseme wanavyotaka.

Niliporudi nikachota ingwa, ule udongo mweupe tunaopakia nyumba, nikauloweka, nikajaza mdomo. Aliyekuwa karibu ni Divine, mdogo wenu, ana miaka minne, ananing'ang'ania kitenge. Nikambandika kiganja kwenye ukuta mwekundu, nikampulizia, naye akacheka mpaka mkono ukasogea, ndiyo maana kidole gumba chake kinaonekana kama viwili. Mvua zilizofuata, surua ikamchukua. Hatukuwa na kamera. Nguo zake tulimzika nazo, na makaburi ya zamani kule bondeni watu wameyalima mihogo, sijui hata pa kusimama nikitaka kumlilia. Kila nilipomkumbuka nilisogeza kabati.

Halafu mwanangu wa kwanza ananiambia, "Mama, tutaupiga picha kwa simu, kisha tupige lipu." Simu yako ya mwaka jana iko wapi, Nduwayezu? Ilizama mtoni. Na ya kabla yake? Kichwa cha biashara unacho, lakini kwa hili umenichosha, umenichosha sana! Divine aliugusa ukuta ule kwa mkono wake mwenyewe. Mimi siwezi kwenda kulala ardhini huku namsikia Lukmani anamfunika mwanangu mara ya pili.

Maji... Asante, mama.

Nibebeni mpaka sebuleni. Kabati lisogezeni. Esteri, ile ingwa niliyokutuma uiloweke jana ndiyo hiyo bakulini, na hii iliyonikaukia kifuani si uji kama mnavyodhani, nilijaribu kupuliza mwenyewe asubuhi, pumzi ikagoma. Nizikeni kwa heshima, mchungaji asihubiri sana, wageni wapeni chakula cha kutosha, na anayetaka kucheka ukuta wa udongo acheni acheke akishiba.

Nduwayezu, jaza mdomo. Ndiyo, wewe, uliyenunua ndoo ya krimu. Usiimeze. Esteri, nishikie mkono, bandika kiganja... hapana, chini zaidi, chini, nimfikie mdogo wenu. Hapo. Lukmani, umeona. Imana ibahezagire, Mungu awabariki, bana banje, ninyi na watoto wenu... mpendane. Mkono ukandamizeni. Usilie sasa, Nduwayezu, mdomo umejaa.

Puliza.