Mzee Simioni Anashuka Pamoja na Gari Namba Moja

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kulala chini ya magari ya Kambi ya Korongoni, hapa Machochwe, Mzee Simioni Waitara anastaafu rasmi leo, tarehe 30 Juni 2025. Wanaopenda usafi watafurahi kusikia kwamba ovaroli lake la bluu, ambalo siku hizi linaweza kusimama bila mtu ndani, linastaafu naye.

Mzee Simioni alizaliwa Nyansurura katika nyumba ya wafugaji, na mwenyewe husema ufundi aliuanzia kwa ng'ombe. Aliajiriwa mwaka 1994 kama kibarua wa kusukuma magari yasiyowaka. Baada ya muda akawa anayawasha mwenyewe, na akawa mkuu wa gereji kabla kambi haijawa na choo cha maana. Gari likinguruma ng'ambo ya kilima, alikwambia ni lipi, linaumwa nini na ni dereva gani anayelitesa. Mara nyingi alipatia. Alipokosea, alisema gari limebadilisha ugonjwa njiani.

Mwaka 2019 yakaja magari matatu ya umeme, ya kuchajiwa kwa sola zilizo nyuma ya jiko. Siku ya kwanza Mzee Simioni aliwasha Gari Namba Moja, akatega sikio, hakusikia kitu. Akaegemeza bisibisi kwenye boneti na sikio kwenye bisibisi, kama daktari, kisha akatangaza mbele ya uongozi wote kwamba mgonjwa ameletwa akiwa ameshakufa. Akaingia tena, akakanyaga mafuta kwa hasira, na mgonjwa akapita kimyakimya kwenye uzio hadi katikati ya nyanya za jikoni. Kona ile ya bustani tunaiita Stendi ya Simioni mpaka leo.

Alikuwa na sheria moja tangu enzi za dizeli: gari la kambi halilali na njaa. Kituo cha mafuta kiko mbali, na tangi likiwa nusu linaingia maji. Kwa hiyo magari ya umeme nayo yakawa yanachajiwa mpaka juu kabisa, na waya hautoki. Meneja wetu, Bi Beatrice, alisoma maelekezo na kumweleza kwamba betri ikikaa imejaa siku baada ya siku, tena kwenye joto, inachakaa haraka. Ijazwe hadi asilimia themanini hivi, ikae kivulini.

"Binti yangu," Mzee alimjibu, "umeshawahi kuona ng'ombe aliyekonda kwa kushiba?"

Ikaja korona. Wageni wakakatika, na kwa miezi mingi Gari Namba Moja likasimama chini ya paa la bati, limejaa pomoni, waya umechomekwa. Mzee alikuwa akipita na kulipigapiga mgongoni.

Wageni waliporudi, jambo la ajabu likaonekana. Safari ya kwenda Mugumu na kurudi, ambayo gari likiwa jipya ilikula theluthi moja ya betri, sasa ilikula zaidi. Likiondoka, dashibodi inasema limejaa. Likirudi, limechoka. Leo sote tunajua sababu: betri iliyochakaa inajaa vizuri tu, ila ni kama debe lililogeuka kuwa galoni. Imejaa, lakini kilichomo ni kidogo. Wakati ule Mzee Simioni alijua sababu moja tu ya gari kurudi tupu. Dereva ana mpira, ananyonya tangi.

Dereva wa Gari Namba Moja alikuwa Orwa, mume wangu. Ni kweli kwamba wamama wa sokoni Mugumu walikuwa wakichaji simu zao kwenye gari lake, maana alikuwa hawezi kumkatalia mtu. Huo ukawa ushahidi. Saa ya chai, wafanyakazi wote wakiwepo, Mzee alisimama na kikombe mkononi.

"Orwa, umeme unaunyonya!"

"Nauweka wapi, omera, ndugu yangu? Kwenye ndoo?"

Watu walicheka, na kicheko kile kikaharibu mambo. Mzee alikwenda mwenyewe hadi kwenye gari, akafungua mlango, akatoa kofia ya Orwa iliyokuwa kwenye kiti, akamkabidhi pamoja na fyekeo. Akamshusha garini.

Anayezijua kambi za huku anajua maana yake. Dereva akishaitwa mwizi Machochwe, kabla ya jioni habari iko Mugumu, na hakuna kambi itakayompa ufunguo tena. Orwa aliendelea kupiga pasi shati lake la kazi kila asubuhi, mikono ikiwa na mstari, akalivaa kwenda kufyeka majani.

Mzee hakuridhika na kumshusha tu, alitaka amkamate. Akaandaa mtego. Gari lijazwe mpaka juu, upepo wa tairi upimwe, nyuma vipangwe viroba vya mchanga, kila kimoja kizito kama mgeni aliyekwishakula mchana. Orwa aendeshe, yeye akae pembeni, waende Mugumu na kurudi kwa njia ile ile bila kusimama. Hakumruhusu hata haja ndogo. Walipoingia getini, dashibodi ilionyesha upungufu ule ule. Tuliokuwa pale tuliona Mzee akibaki kwenye kiti, anaitazama dashibodi, kisha anamtazama Orwa mifukoni.

"Sasa Mzee," Orwa akamwambia, "kama kuna mwizi, tulikuwa naye wote wawili."

Bi Beatrice aliita mafundi kutoka Arusha. Walichomeka kifaa chao chini ya usukani, kikasoma uzima wa betri, ambao ni kitu tofauti na chaji. Jibu likawa lile lile la kwenye maelekezo. Ni joto la bati na shibe ya korona.

Kesho yake saa ya chai Mzee Simioni alisimama pale pale, na kikombe kile kile. "Mura," akasema, na hakuwa amewahi kumwita Orwa hivyo, maana ni neno ambalo Wakurya humwitia kijana wao, na Orwa ni Mjaluo wa Shirati. "Mura, nimekosa. Mwizi ni mimi. Nimeila betri kwa kuishibisha."

"Haya," Orwa akajibu. "Fyekeo liko pale."

Mzee akalichukua. Alifyeka mchana kutwa, na Orwa akaletewa kiti amsimamie. "Umeruka pale, Mzee. Hapo nyuma. Hapana, nyuma zaidi."

Kuanzia siku hiyo Orwa alirudi kwenye usukani, na mtego ukawa kipimo, yeye akiendesha na Mzee pembeni. Kila mwezi, magari yote matatu, njia ile ile, viroba vile vile, upepo ule ule. Mzee alivunja banda la bati na kujenga la nyasi, na ole wake aliyepitisha themanini siku isiyo ya kipimo. Gari Namba Mbili na Namba Tatu bado yana nguvu hadi leo, na madereva wa kambi za jirani huja kujifunza. Anawafundisha kwa ukali mkubwa kosa ambalo hawajalifanya. Bi Beatrice aliongeza sharti moja: safari ya kipimo ikila zaidi ya nusu ya betri, gari hilo halibebi wageni tena, maana hakuna anayetaka kuishiwa chaji katikati ya simba.

Mwaka 2023 Orwa alifariki baada ya kuugua muda mfupi. Wenzetu walinipa pole kwa maneno mazuri ambayo siyakumbuki. La Mzee Simioni nalikumbuka. Alikuja stoo kwangu, akakaa juu ya gunia la mchele, akavua kofia.

"Zilpa, mwenzako alikuwa na kilo ngapi?"

Nilimwambia ni themanini na mbili, baada ya ugali. Alieleza kwamba sasa ataendesha mwenyewe, na gari litakuwa jepesi kwa mtu mmoja, kipimo kitadanganya. Ndipo nilipocheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Nikampa koti la kijani la Orwa. Akajaza kiroba kingine, akakivisha koti, akakikalisha kiti cha mbele na kukifunga mkanda. Kila mwezi walikwenda Mugumu wawili, na waliokutana nao njiani wanasema Mzee alikuwa akikigombeza.

Mzee alikuwa ametuapia kwamba Gari Namba Moja halitatoka kazini kabla yake. Mwezi wa tano lilikula nusu kamili. Mwezi huu kambi nzima ilikuwa getini kwenye kipimo cha mwisho, na watu wameshawekeana dau la soda. Bi Beatrice, anayempenda kama baba, alimsogelea dirishani.

"Mzee, leo kiache hicho kiroba kimoja. Hakuna atakayeuliza."

Mzee Simioni alikitazama kiroba, akakikaza mkanda.

"Huyu nilishamshusha mara moja bila kosa. Simshushi tena."

Wakaenda. Wakarudi betri imebaki na asilimia arobaini na tisa. Gari Namba Moja limestaafu siku chache kabla yake, na betri yake imehamishiwa stoo, ambako inaendesha friji la nyama bila malalamiko. Koti nililetewa jana, limefuliwa, limepigwa pasi, mikono ina mstari. Ni kazi ya mtu ambaye hajawahi kupiga pasi nguo yake mwenyewe, na pale begani ameliunguza kidogo.

Mzee Simioni, kambi inakushukuru kwa magari uliyoyafufua, na kwa nyanya tunakusamehe. Huko Nyansurura usikae chini ya bati, kaa kivulini. Usijijaze mpaka juu hata mama watoto akipika vizuri, na usijimalize. Tunakuombea uzima mrefu, wa moyo na wa magoti. Kila mwezi tutakuja kukupima, njia ile ile, na kiti cha mbele tutakuwekea wewe.

Zilpa Orwa, Stoo