Soksi za Kinyozi

Alasiri wateja wakipungua, kinyozi hutoka kibandani na kuketi kwenye benchi la pale kona, karibu na birika la mama muuza kahawa. Wenzake ni wale wale wawili: dereva mstaafu wa lori wanayemwita Gia, na mwalimu wa zamani wanayemwita Kamusi, kwa kuwa hajawahi kushindwa kueleza jambo, hata asilolijua. Siku hiyo kinyozi aliketi akaunyoosha mguu wa kushoto. Kiti chake cha kunyolea kiliacha kuzunguka zamani, basi kwa miaka ishirini na sita yeye ndiye amekuwa akimzunguka mteja. Sasa mishipa imejisokota chini ya ngozi, na juu ya kifundo pana kidonda kilichopona mara mbili na kufunguka mara mbili. Muuguzi, baada ya kuupima mguu vizuri, hakumung'unya maneno: avae soksi za kubana kila siku, la sivyo kazi ya kusimama aiage.

— Soksi tu? Gia alicheka. Nilidhani umeandikiwa dawa, kumbe umeandikiwa nguo!

— Si za kawaida. Zinafika chini ya goti, na zinabana kwelikweli.

— Kama za warembo?

— Kama za wagonjwa, ndugu yangu.

Kinyozi akawasimulia yaliyompata kwenye duka la dawa. Yule binti wa kaunta alimwuliza anataka za kubana kiasi gani, za kufunika vidole au za kuviacha wazi, nyeusi au za rangi ya ngozi, na saizi ngapi. Alikuwa amejitayarisha kwa swali la bei peke yake. Akasema atarudi.

— Saizi si ya kiatu? Gia aliuliza. Wewe unavaa arobaini na tatu. Maliza.

— Hapana, alisema Kamusi. Wanapima kifundo na shavu la mguu, asubuhi kabla haujavimba. Ukipima saa hizi utanunua soksi za mguu wa mtu mwingine.

Kinyozi alimtazama kwa heshima. Heshima hiyo haikudumu.

— Ila uangalie, Kamusi aliendelea. Damu ikibanwa chini itapanda juu. Utaanza kukumbuka mambo ya darasa la pili.

— Itamtokea masikioni! alisema Gia. Mguu ni tairi, bwana. Tairi likijaa kupita kiasi, unapunguza upepo. Hulifungi kamba.

— Basi anyoe watu wamelala sakafuni, naye akae.

— Au wateja ndio wamzunguke yeye. Aliyechoka kuzunguka aende na nusu kichwa.

Hata kinyozi alicheka. Lakini mkono wake ulikuwa umeshuka kwenye kifundo, umetulia juu ya bandeji kama mtu anayemtuliza mtoto.

— Chukua nyeusi, alisema mama muuza kahawa. Hazionyeshi uchafu.

Pembeni alikuwa amesimama mshonaji aliyehamia mtaani juzijuzi, kikombe mkononi. Alipandisha pindo la gauni kidogo tu, wakaona: soksi nene, imekaza, haina hata kunyanzi moja.

— Mwaka wa nne huu, alisema. Rangi yoyote ni sawa, baba. Kubana, fuata alivyoandika muuguzi. Ila mwanzoni kukivuta kile kitu ni mieleka. Unaweza kuinama mpaka kwenye vidole?

— Mgongo huu? Naishia magotini.

— Mimi pia nilikuwa hivyo. Mume wangu ndiye aliyekuwa akinivalisha, kabla sijashuka kitandani. Wewe nani atakuvalisha?

Kinyozi aliurudisha mguu chini ya benchi. Mkewe alifariki mwaka juzi, na binti yake ameolewa mbali. Akaiona tena akilini pakiti aliyoonyeshwa na binti wa kaunta: picha ya mguu, na mikono miwili ikiivuta soksi. Mikono ile haikuwa ya mwenye mguu. Hapo ndipo alipokuwa amesema atarudi. Maswali ya yule binti hayakuwa na kosa lolote.

Kamusi aliinamia kikombe chake. Mama wa kahawa akashughulika na mkaa ambao ulikuwa ukiwaka vizuri tu.

— Samahani, baba, alisema mshonaji.

— Hujakosea, mama.

Gia alikuwa akiitazama mikono yake mwenyewe, mipana, yenye sugu za usukani. Nyumba yake na ya kinyozi zinatenganishwa na ukuta mmoja.

— Wewe huamka saa ngapi? aliuliza.

— Kumi na moja na nusu. Kwa nini?

— Kesho tunaanza kwa kupima huo mguu. Usiweke komeo mlangoni.