Risasi Aliyoichagua Datius Kamala

Mchungaji, wazee wa ukoo, majirani wa Kanazi nanyi mliotoka Kashai na Kagoma, familia inawaomba mtusikilize hadi mwisho, kwa kuwa maisha ya mpendwa wetu Datius Kamala yana sehemu mnayoijua na sehemu msiyoijua, na yeye mwenyewe aliagiza zote mbili zisomwe kabla hajashushwa kaburini.

Datius alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 hapa Kanazi, mtoto wa nne wa Mzee Yoeli Kamala na Mama Alistidia, ambao wote wametangulia, akabatizwa mwaka huohuo na kupata kipaimara mwaka 1983. Alimaliza darasa la saba mwaka 1982, na kwa kuwa hakuchaguliwa kuendelea, alibaki kwenye kibanja cha baba yake akipalilia migomba na kuchuma kahawa, hadi Juni 1990 alipoajiriwa na kampuni ya uwindaji wa kitalii iliyokuwa na kitalu kusini mwa Tabora, kwanza kama mchuna ngozi, na kuanzia mwaka 1999 kama mtunza silaha.

Tarehe 4 Februari 1995 alifunga ndoa na Jovita, hapa Kanazi, na Mungu akawajalia watoto watatu, Derick, Hellen na Renatha, ambaye ndiye anayewasomea.

Kazi yake aliijua. Wageni walikuja na risasi za aina nyingi, naye alizijaribu kwenye shabaha ya karatasi, akawaeleza ipi ni nyepesi na ya kasi, inayofaa kwa swala aliyesimama mbali, na ipi ni nzito na ngumu, ya nyati, ambayo haivunjiki ikikuta mfupa. Huko porini rafiki yake mkubwa alikuwa msoma nyayo, Mutalemwa wa Kagoma, Muleba, wakila sahani moja na kusafiri pamoja kurudi nyumbani kila msimu ulipofungwa.

Wengi mnajua kwamba Mutalemwa aliuawa na nyati tarehe 19 Septemba 2011, na mmesikia kwamba alikufa kwa pupa yake, kwamba aliingia kichakani kabla ya kuruhusiwa, na wengine wameongeza kwamba alikuwa amelewa. Hiyo ndiyo sehemu mnayoijua.

Mwezi Agosti 2023 Datius alifanyiwa upasuaji wa saratani ya koo, sauti yake ikapotea kabisa, na Renatha, aliyekuwa ameacha masomo kidato cha pili mwezi Juni ili amuuguze, akampa daftari lake la Jiografia ambalo lilikuwa bado na kurasa nyeupe. Humo baba aliomba maji, aliomba uji, aliuliza habari za kahawa, na mwezi Novemba mwaka jana aliandika kurasa nne kuhusu siku ile.

Aliandika kwamba mgeni alitaka kumpiga nyati kutoka mbali, karibu mita mia tatu, na mwindaji bingwa aliyewaongoza akamwachia mtunza silaha achague risasi. Jana yake risasi nyepesi zilikuwa zimetoboa karatasi matundu matatu yanayofunikwa na kizibo kimoja cha soda, naye akavutwa na usahihi ule, akazichagua hizo, akaziacha nzito kambini isipokuwa chache za bunduki yake. Mutalemwa aliiona risasi ikiingizwa, akacheka, akamwambia, "Mwanawaitu, ndugu yangu, hiyo si ya swala? Au leo nyati amekonda?" Datius akamjibu, "Wewe soma nyayo, risasi niachie mimi."

Mgeni hakukosa. Risasi iliingia begani palepale alipolenga, ikasambaratika kwenye mfupa, nyati akakimbilia kichakani akiwa mzima wa mapafu na mwenye hasira. Wakafuata damu, Mutalemwa akasita mdomoni mwa kichaka, na Datius, akiamini mnyama ameshakufa, akamwambia aingie. Nyati alitokea ubavuni. Datius alimwangusha kwa risasi nzito akiwa hatua kumi, lakini Mutalemwa alikuwa tayari chini, na hakusema tena.

Walipomchuna yule nyati Datius alikuta vipande vya risasi kwenye bega, akavitia mfukoni, na taarifa ilipoandikwa kwamba marehemu aliingia mwenyewe, akaitia sahihi. Aliacha kazi, hakushika tena bunduki, na kwa miaka kumi na tatu alipeleka Kagoma mikungu ya ndizi kwa mjane, Ma Kokugonza, watu wakamsifu, na kila aliposifiwa aliinuka akaondoka, tukadhani ni unyenyekevu. Ukurasa wa mwisho ameandika, "Karatasi haina mfupa. Nililijua hilo tangu zamani."

Datius alifariki tarehe 11 Februari 2025, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na miaka hamsini na sita. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliotubebea maji na kuni, waliofanya naye kazi porini, na wazee wa ukoo, ambao baadhi yao walitaka kurasa hizi zichomwe, lakini wakakubali zisomwe.

Ma Kokugonza, uliyekaa mstari wa pili, mume wako hakuwa na pupa wala hakuwa amelewa. Alisita, akaambiwa aingie, akamwamini rafiki yake. Vipande vile vimo kwenye kopo la dawa ya viatu lililo juu ya meza hii, havitazikwa na baba yetu, na ni juu yako kuvichukua au kuviacha, kama ilivyo juu yako kusamehe au kutosamehe. Hatukuombi jibu leo.

Mutalemwa, huko Kagoma ulikolala na jina lililochafuliwa, pumzika kwa amani. Nawe Taata, tumeyasoma yote kama ulivyoyaandika, pumzika.